Shangazi wa Kwenye Diski

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta imejizima katikati ya sentensi. Nilikuwa kwenye aya ya lebo — jinsi lebo za chupa za dripu zinavyolowekwa kwenye beseni, zinabanduliwa, halafu zinabandikwa mpya zenye tarehe ya mbele. Skrini ikawa bluu, maandishi meupe, kisha giza. Ikajiwasha yenyewe. Nikaandika mistari michache. Ikajizima tena.

Mume wangu, kutoka sebuleni: imechoka hiyo, hata mimi ningezima. Nikamwambia wewe ulishazima zamani, unaendeshwa na betri.

Rasimu ninayo kwenye flashi. Haiumizi kichwa. Kinachoumiza kichwa ni maelezo ya Shangazi. Yako kwenye diski ya mashine hii, hayako kwingine, na nilipanga iwe hivyo. Mashine haijawahi kuunganishwa na mtandao. Ina nywila. Haiguswi na mtu.

Shangazi ni jina nililompa mtu wangu wa ndani ya ghala la dawa. Jina lake halisi sijaliandika popote, hata hapa. Simrekodi. Sauti ina umri, ina jinsia, ina kwao. Naandika aliyoyasema kwa maneno yangu, namwita Shangazi au "yeye", basi. Lugha yetu imewahurumia waandishi: "yeye" ni kila mtu.

Mhariri anataka habari Ijumaa ya wiki ijayo. Kabla ya hapo mwanasheria wa gazeti atakaa na mimi, tulinganishe kila tarehe na maelezo. Hakuna maelezo, hakuna habari. Na dripu zitaendelea kuingia kwenye mishipa ya watu.

Jumanne, 4 Machi

Leo haikuwaka kabisa. Feni inazunguka, taa ya mbele inawaka, skrini nyeusi. Halafu mlio — mrefu, wa kujirudia, kama lori linalorudi nyuma.

Nimeanza na kilicho rahisi kuthibitisha. Soketi: nimechomeka pasi, ikapata moto. Waya wa umeme: nimeazima wa printa, hali ileile. Skrini: nimeiunganisha na laptop ya mume wangu, nzima. Kibodi nimechomoa, flashi nimechomoa. Bado inalia. Kwa hiyo ugonjwa umo ndani ya kasha.

Pacha amepita jioni. Ni mpigapicha wetu. Tuliajiriwa siku moja, tukapewa meza moja, tukagombea droo moja; jina likatoka hapo, na yeye ananiita hivyohivyo. Wanangu wamekua wakimwita mjomba. Ana ufunguo wa nyumba hii. Jumamosi, tulipokwenda kumwona wifi hospitalini, ndiye aliyekaa hapa kumsubiri fundi bomba wa sinki.

"Pacha, umeiua mashine."

"Imejiua."

"Umeiandikia mambo mazito. Imepata presha, masikini."

Nikachukua bisibisi. Akanishika mkono! Usifungue, utaleta makubwa. Hiyo ni diski imekufa, mlio huo anaujua. Nikamuuliza kilichokufa kinaliaje. Akacheka. Nimpe kasha, ampelekee jamaa yake mmoja mjini, hodari sana.

Sikumpa. Sina sababu. Tabia tu.

Akauliza kama nina nakala ya yaliyomo. Nikasema sina. Akasema pole. Akarudia: pole sana, Pacha.

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa kompyuta wa barabara ya nyuma. Anajiita Daktari. Mara yake ya kwanza kuja hapa. Hakufungua kasha. Aliegemeza sikio kama anasikiliza mimba.

"Mama, huyu mgonjwa mmemchelewesha. Mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imekwenda."

"Umejuaje hujafungua?"

"Uzoefu."

"Mbona feni inazunguka?"

"Mama, hata kuku akichinjwa anarukaruka."

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. Nimewahoji wakubwa wengi waliosema "uzoefu" kwa sauti hiyohiyo, wote walikuwa na kitu cha kuuza. Daktari naye ana mashine nyingine dukani, safi, kama mpya, haijalala njaa. Nimemshukuru, nimemsindikiza hadi getini.

Alhamisi, 6 Machi

Shangazi amepiga, kwa simu ya kuazima. Meneja wa ghala ameanza kuita watu ofisini. Anaita wanawake tu. Wale wanaoingia chumba cha lebo: mfagiaji, wafungaji, msimamizi. Anawauliza nani ana ndugu magazetini.

Shangazi hakuitwa.

Nimeuliza tena: wanawake tu? Wanawake tu. Sielewi.

Habari haijatoka. Wanaoijua ni mhariri, mwanasheria, na Pacha kwa juujuu, kwa kuwa ndiye aliyepiga picha za lango. Hakuna hata mmoja niliyemwambia mtu wangu ni nani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefungua kasha mwenyewe. Meza nimetandika shuka jeupe, taa ya kusomea pembeni, skrubu kwenye kifuniko cha chupa.

Niandike nilichoona, kabla ya ninachofikiri.

Vumbi la ndani ni la miaka, limelala kama blanketi. Isipokuwa njia moja: kutoka ukingoni hadi kwenye diski pamefutika. Juu ya diski alama za vidole. Skrubu zinazoishikilia zina mikwaruzo mipya, inang'aa, ya bisibisi ndogo kuliko inavyotakiwa. Kwenye kasha hili huwezi kuitoa diski bila kuinua kisahani cha chuma kilicho juu ya memori, kile kipande chembamba cha kumbukumbu. Aliyekiinua alikirudisha kwa haraka. Kikagonga memori, ikanyanyuka upande mmoja. Haikutoka — ililegea. Ikipata joto inapoteza mguso. Jumatatu ikawa inajizima. Jumanne ikakataa kabisa.

Nimeitoa memori. Nimesugua meno yake ya shaba kwa raba ya kufutia penseli, nimeifuta kwa kitambaa kikavu, nimeirudisha, nikaisukuma hadi vishikizo vyote viwili vikalia tik. Nikachomeka umeme. Mlio mmoja, mfupi. Ikawaka.

Nilitakiwa kupiga kigelegele. Nilikaa.

Kila kitu kipo. Hakuna faili lililopotea, hakuna lililohama. Hilo ndilo baya. Mwizi asiyechukua kitu alikuja kusoma. Na mimi na nywila yangu! Nywila inafunga mlango. Ukiitoa diski ukaichomeka kwenye mashine nyingine, umepitia dirishani.

Nimemuuliza mume wangu kuhusu Jumamosi. Tuliporudi, fundi bomba alikuwa ameshamaliza sinki na kuondoka. Pacha alikuwa sebuleni na laptop yake, begi la kamera miguuni, anatazama mpira. Tuliagana vizuri. Alibeba ndizi.

Fundi bomba hana haja na diski yangu.

Mume wangu akaanza: kikulacho — nikamkatiza. Methali hiyo nimeikata kwenye habari za watu tangu nilipopewa kalamu nyekundu. Akasema sawa, basi: mchawi mpe mwana kulea. Hiyo nayo si ushahidi.

Nimeandika hapa: Pacha. Nimelitazama neno. Sijalikata. Mtuhumiwa si mkosaji. Nahitaji chanzo cha pili.

Jumapili, 9 Machi

Chanzo cha pili kimekula chakula cha mchana mezani kwangu.

Nilimwalika mwenyewe. Nilimdanganya: mashine bado maiti. Kasha nimelifunika kitambaa. Alikula vizuri, akamsifu mpishi — mume wangu — akamtania kuhusu kitambi, shemeji hiyo mimba miezi mingapi. Tulicheka. Mimi pia nilicheka, na kwa kweli ilichekesha.

Halafu, akichokonoa meno:

"Kwa hiyo bila maelezo, habari inasubiri."

"Huenda."

"Afadhali, Pacha. Na yule mama naye apumzike. Asije akaumia bure, mtu na watoto wake."

"Mama yupi?"

"Si huyo mtu wako."

Nikamwongezea chai. 

Sijawahi kusema mama. Sijawahi kusema baba. Nimesema "mtu wangu", nimesema "yeye", kwa kila mtu, miezi yote hii. Neno Shangazi liko sehemu mbili tu: daftari hili, ambalo halitoki kwenye mkoba wangu, na diski ile.

Na Shangazi ni mwanamume. Ana ndevu, ana sauti ya besi. Nilimpa jina hilo kwa sababu kila tukionana ananiuliza nimekula nini na mbona nimekonda, na kwa sababu jina la kuficha likifanana na mtu halifichi kitu. Shauri hili likiisha, ukurasa huu nitauchoma.

Kumbe ndiyo maana wanaitwa wanawake.

Alipoondoka alinikumbatia. Nilimwacha.

Jumatatu, 10 Machi

Kwenye maegesho ya gazeti, ndani ya gari la Pacha, vioo juu. Sikuuliza kama ni yeye. Ukimuuliza mtu "ni wewe?" unampa nafasi ya kusema hapana.

"Ulitumia bisibisi gani?"

 Aliwasha wipa, hakuna mvua. Akazima.

"Ya kamera," akasema.

Kampuni inayomiliki ghala imempa kazi. Msemaji. Anaanza mwezi ujao. Ofisi yenye pazia, kiti cha kuzunguka. Aliponiona namtazama tu akaanza kuongea haraka. Magoti yake hayapandi tena ukuta. Mara ya mwisho alipopigwa virungu kwenye maandamano, gazeti liliuliza kwanza kama kamera imepona. Mimi naandika nimekaa, sijui.

Najua. Nilikuwepo siku ya virungu, nilimshikilia kichwa.

"Ungeniomba," nikasema.

"Ungenipa?"

"Hapana."

"Basi."

Akasema hakuwapa mtu. Aliwapa jina la utani, na baadaye kwamba huyo Shangazi ana ufunguo wa chumba cha lebo. Hayo tu. Jina halisi alilitafuta, halimo.

"Ulilitafuta."

Aligusa usukani, akauachia.

"Pacha, ningetaka kukumaliza ningefuta kila kitu. Sikufuta hata nukta." Alisema hivyo kama mtu anayengoja ashukuriwe.

Nikamwambia nataka ufunguo wa nyumba. Ulikuwa kwenye pete moja na wa kwake. Ulikataa kutoka, kucha zikateleza, akaung'ang'ania kwa meno. Sikumsaidia. Akanipa umelowa mate.

Sikumwambia kwamba amekosea mtu, kwamba Shangazi si mama. Wakati ule niliona ni busara: kosa lake ndilo linalomficha Shangazi. Nilipofika nyumbani ndipo nikahesabu vizuri. Ufunguo wa chumba cha lebo wanao wawili tu. Shangazi, na msimamizi wake. Msimamizi ni mwanamke.

Jumanne, 11 Machi

Wamemsimamisha kazi. Shangazi amepiga akiwa chooni, maji yanamwagika kwenye bomba ili asisikike. Msimamizi ametolewa mbele ya watu, mlinzi amemvua kitambulisho shingoni kama anamvua mkufu. Amesimama getini, hataki kuondoka. Anauliza kila anayepita kosa lake.

"Hajui chochote," Shangazi akasema. "Lebo zilikuwa zinabandikwa yeye ameshatoka. Ndiye aliyenifundisha kazi, mwanangu."

Nikamuuliza anataka nifanye nini.

Akafungua bomba zaidi. Kisha: "Usinitaje." Kisha: "Lakini huyu mama..." Kisha simu ikakatika, au ameikata.

Jumatano, 12 Machi

Mwanasheria amepitisha rasimu. Tarehe zote zimekubaliana na maelezo. Kazi ya miezi, imeisha kabla ya chakula cha mchana. Mhariri amenipiga bega: Ijumaa ukurasa wa kwanza.

Nikawaeleza kuhusu msimamizi. Mhariri akamwangalia mwanasheria. Mwanasheria akavua miwani.

Usiseme huyu ndiye. Usiseme huyu siye. Ukianza kukanusha majina, watakuletea moja moja mpaka orodha iishe.

Nikamwambia orodha ni ya watu wawili.

Akavaa miwani. "Ndiyo nasema."

Kuhusu Pacha, mhariri ameniomba niandike taarifa. Nimeandika, nusu ukurasa, bila kivumishi hata kimoja. Meza yake imeshaondolewa vitu. Ameacha kikombe changu alichokuwa akikitumia, amekiosha mpaka mkono wake. Mhudumu aliniuliza kama Pacha anaumwa. Nimesema hapana, mzima kabisa.

Nikiwa nalala nimejikuta nimechukua simu kumweleza. Yeye! Nani mwingine ningemweleza jambo kama hili.

Alhamisi, 13 Machi

Msimamizi amekuja. Yuko sebuleni sasa hivi.

Hodi ilipigwa mchana, mume wangu akafungua. Mwanamke mwembamba, viatu vya kazi, pochi ameikumbatia kifuani. Akauliza kama hapa ndipo kwa mwandishi. Akakaa ukingoni mwa kiti, kana kwamba kiti kina mwenyewe.

"Dada, meneja ameniambia nikusalimie. Nikamwambia simjui huyo. Akasema nenda ukamsalimie mpwa wako."

Nikamwambia karibu.

"Nina miaka thelathini na minane. Wewe, usinichukulie vibaya, mvi hizo. Mimi nitakuwa shangazi yako wapi?"

Akacheka. Mume wangu akacheka. Halafu yeye akaendelea, na haikuwa kicheko tena. Mume wangu akaenda kuleta maji, akakaa jikoni zaidi ya inavyohitaji kumimina maji.

Hakunishutumu. Ningependa angenishutumu. Ana watoto watatu, wa mwisho ananyonya bado. Alivyokuwa akisema alikuwa anajifunga vizuri kitenge kifuani, maziwa yamejaa. Amefanya kazi ghala lile tangu msichana. Anataka barua. Mistari miwili tu.

"Andika: huyu simjui, hajawahi kuniambia kitu. Ni kweli, si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi andika. Si ndiyo kazi yenu, ukweli?"

Nikamwambia anipe muda kidogo, nikaingia chumbani nilikoweka mashine.

Imewaka bila kusita. Haijajizima tena tangu Ijumaa, feni haisikiki hata. Nimefungua ukurasa mpya. Nimeandika tarehe, nimeandika "Kwa yeyote anayehusika", nimeandika jina lake kamili kama alivyonitajia, herufi kwa herufi. Baada ya hapo sijaandika, ila humu daftarini.

Mistari miwili, yote ya kweli. Akiitoa mezani kwa meneja kesho asubuhi, kabla hajamaliza kuisoma atakuwa ameshajua amwite nani. Hawatamvua kitambulisho tu huyo. Pacha mwenyewe aliniambia, kwenye gari, watu hawa si wa kuchezea. Alisema kama mtu anayesifia waajiri.

Nimempigia Shangazi. Imeita mpaka ikakatika. Nimepiga tena kwa simu ya mume wangu. Imezimwa.

Mwanasheria hana haja ya kupigiwa, jibu lake ninalo. Mhariri amepiga yeye, sikupokea. Kurasa zinafungwa jioni.

Halafu ujumbe, sasa hivi, simu ikiwa bado mkononi. Namba ya Pacha nilikuwa sijaifuta.

"Najua yuko kwako. Niambie tu kama siye. Neno moja, Pacha, kesho anarudi kazini, mimi mwenyewe nitamrudisha. Nilikosea kwako, nisaidie nisimkosee na huyu."

Nimeusoma kama nakala ya mtu mwingine, natafuta mahali pa kukata. Hakuna. Huenda anamaanisha kila neno. Huenda meneja amekaa kando yake anamwamuru aandike nini. Miaka yote hii nilikuwa najua kwa kumtazama tu. Sijui tena.

Nje mume wangu anamwambia mgeni ale kidogo, mama anayenyonyesha hakai na njaa. Anakataa. Anakubali. Sahani zinalia.

Kisha sauti yake, karibu na mlango, taratibu, kama ya mtu asiyetaka kusumbua:

"Dada? Unaandika?"

Nimemjibu: naandika.